Ukishasasisha Draiva ya Grafiki, Usikimbilie sfc /scannow

Umepakua draiva mpya ya kadi ya grafiki, umeisakinisha, skrini imezimika kidogo ikarudi kama ilivyo kawaida yake, na sasa unajiuliza kama kazi imekwisha. Ushauri utakaoupata upesi zaidi, kwa fundi wa mtaani au kwa rafiki anayecheza magemu, ni kufungua dirisha la amri na kuandika sfc /scannow ili uwe na uhakika. Maoni yangu ni kwamba usifanye hivyo kama desturi. Ukaguzi wa mafaili ya mfumo ni chombo kizuri chenye kazi yake, na kazi hiyo haihusiani na kuthibitisha kwamba draiva imekaa sawasawa. Ukiufanya kila unaposasisha draiva, utakuwa unapokea majibu ya swali ambalo hukuuliza. Ukikuambia kila kitu ni kizima, utatulia huku draiva yenyewe ikiwa na kasoro. Ukikuambia kuna mafaili yaliyoharibika, utaanza kuhangaika na jambo ambalo huenda haligusi picha hata kidogo. Zipo hali ambazo ukaguzi huo ni wa lazima, na mojawapo inawahusu sana wasomaji wa huku kwetu ambako umeme hukatika kazi ikiwa katikati, tutaifikia. Kwanza inafaa tujue chombo hiki hutazama nini.

Jina lake kamili ni System File Checker, na tangu Windows Vista hufanya kazi chini ya mfumo wa ulinzi uitwao Windows Resource Protection. Microsoft ina orodha ya mafaili ambayo inayahesabu kuwa uti wa mgongo wa Windows. Mafaili hayo yamewekwa chini ya umiliki wa TrustedInstaller, kiasi kwamba hata mtumiaji mwenye mamlaka ya msimamizi hawezi kuyafuta kwa kubonyeza tu. Nakala zake halali zimehifadhiwa katika ghala lililoko kwenye folda ya C:\Windows\WinSxS. Unapoandika amri ile, programu huipitia orodha, hulinganisha kila faili na kumbukumbu za ghala, na faili likionekana limepotea au limebadilika, hulirejesha kutoka humo. Kazi yake inaishia hapo. Haipimi kadi ya grafiki, haiulizi draiva ni toleo gani, wala haijui kwamba video unayoihariri inakwama kila unapoongeza rangi.

Draiva ya grafiki iko nje ya orodha hiyo, kwa sababu imetengenezwa na NVIDIA, AMD au Intel, na Microsoft haina nakala yake ya kurejeshea katika WinSxS. Kifurushi cha draiva huhifadhiwa mahali pengine kabisa, katika C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, kikiwa na faili la maelekezo la aina ya .inf, faili la .cat linalobeba saini ya kidijitali, na mafaili ya kazi yenyewe. Kwenye kompyuta yenye kadi ya NVIDIA, moyo wa draiva ni faili liitwalo nvlddmkm.sys; kwa AMD utakuta amdkmdag.sys, na kwa kompyuta nyingi za Intel utakuta igdkmd64.sys. Kufanya sfc ili kuyakagua mafaili haya ni sawa na mwenye nyumba kuhesabu milango na madirisha yake ili ajue kama sufuria za mpangaji zimevuja. Ataondoka ameridhika, na ana haki ya kuridhika, lakini mchuzi wa mpangaji utaendelea kumwagika.

Hilo halina maana kwamba draiva imeachwa bila mlinzi. Windows ya biti 64 hukataa kupakia draiva ya ngazi ya kiini isiyo na saini halali, na tangu toleo la 1607 la Windows 10, lililotoka mwaka 2016, masharti yaliongezwa: draiva mpya za kiini zinatakiwa kupitia kwa Microsoft yenyewe ili zitiwe saini. Faili la draiva likiharibika wakati wa kuandikwa kwenye diski, saini yake hailingani tena na yaliyomo, na Windows itakataa kulipakia bila wewe kuandika amri yoyote. Utaliona hilo katika Device Manager: alama ya njano juu ya jina la kadi, pengine na msimbo namba 52 unaosema saini haikuthibitishika, na skrini itakuwa inaendeshwa na draiva ya akiba iitwayo Microsoft Basic Display Adapter, maandishi yakiwa makubwa kupita kiasi na mwonekano umepungua. Ukaguzi ambao watu wanautafuta kwa sfc, kwa sehemu hii ya draiva, hufanyika kila draiva inapopakiwa.

Lakini hoja nzito zaidi ni hii: matatizo mengi yanayofuata draiva mpya hayatokani na faili lililoharibika. Faili ni zima, limefika kama lilivyotoka kiwandani, saini yake ni safi. Kasoro imo ndani ya programu iliyoandikwa. Mwezi Machi 2010 NVIDIA ililazimika kuiondoa draiva yake ya 196.75 baada ya watumiaji kuripoti kwamba feni za kadi hazikuongeza kasi ipasavyo na kadi zikapata joto kupita kiasi wakati wa magemu. Draiva hiyo ilikuwa na saini halali. Aprili 2025 kampuni hiyohiyo ilitoa toleo 576.02, na muda mfupi baadaye ikatoa rekebisho la 576.15 kwa sababu, pamoja na mengine, programu za kupima joto ziliacha kusoma joto la kadi baada ya kompyuta kuamka kutoka usingizini. Mtu aliyefanya sfc katika visa hivi viwili angeambiwa kwamba mfumo wake hauna dosari, na angekuwa ameambiwa kweli, huku kadi yake ikiendelea kuchemka au kipimo chake kikiendelea kusema uongo. Dawa ya kasoro ya aina hiyo ni moja tu: kurudi kwenye toleo la zamani au kwenda kwenye jipya zaidi.

Mtu makini atauliza kuhusu mafaili ya grafiki yaliyo mali ya Microsoft. Ni kweli yapo. Faili la dxgkrnl.sys linalosimamia grafiki ndani ya kiini, maktaba za DirectX kama d3d11.dll na d3d12.dll, na dwm.exe inayochora madirisha unayoyaona, yote ni ya Windows na sfc huyakagua. Yakiharibika, picha itaharibika. Ila kisakinishi cha draiva cha siku hizi hakina sababu ya kuyagusa, na hapa ndipo inapobidi usome ujumbe wa hitilafu badala ya kubahatisha. Windows huipa kadi sekunde 2, kwa mpangilio wa kawaida, kujibu kazi iliyopewa. Isipojibu, mfumo huianzisha upya na kuandika tukio namba 4101 katika Event Viewer, ukitaja draiva iliyoshindwa. Ikishindikana kuianzisha upya, utapata skrini ya bluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE. Jina linalotajwa hapo likiwa nvlddmkm au amdkmdag, umeelekezwa kwenye draiva au kwenye kadi yenyewe. Hata dxgkrnl.sys likitajwa, mara nyingi ni kwa sababu limepokea kitu kibovu kutoka kwa draiva iliyo chini yake, kwa hiyo usilihukumu kwa kuonekana jina lake tu.

Sasa kuna pingamizi lenye uzito, na lina ushahidi wa kihistoria. Mwaka 2015, Windows 10 ilipotoka, watumiaji wengi wa kadi za NVIDIA waliofanya sfc waliambiwa kwamba yamepatikana mafaili yaliyoharibika na mengine hayakuweza kurekebishwa. Faili lenyewe lilikuwa opencl.dll. Windows 10 ilikuja na nakala yake, kisakinishi cha draiva kikaweka ya NVIDIA mahali pale pale, na sfc ikaona faili lisilolingana na kumbukumbu zake. Mtu anaweza kusema: tazama, draiva ya grafiki iligusa faili la mfumo na ukaguzi ukagundua. Ni kweli uligundua. Lakini uligundua nini? Kompyuta zilikuwa zikifanya kazi, nakala iliyokuwepo ilikuwa ya mtengenezaji wa kadi, na kilichowapata watu ni wasiwasi, wengine wakaishia kusakinisha Windows upya kwa ajili ya faili ambalo halikuwa na madhara. Julai 2019 jambo linalofanana lilitokea bila draiva kuhusika: baada ya Windows Defender kujisasisha, sfc ilianza kuyatangaza baadhi ya mafaili ya Defender kuwa yameharibika, na Microsoft ikakiri kwamba mafaili yalikuwa mazima. Chombo hiki hupima kulingana au kutolingana na ghala. Hakipimi madhara. Ukikitumia bila dalili yoyote ya ugonjwa, unajitafutia taarifa za aina hii.

Kisa cha pili ni kizito zaidi na nakichukulia kwa uzito wake. Mapema mwaka 2023, kisakinishi cha AMD Software Adrenalin Edition kilikuwa na chaguo la kusafisha kila kitu cha zamani kabla ya kuweka draiva mpya, lililoitwa Factory Reset. Ikaripotiwa kwamba kompyuta nyingine zilishindwa kuwaka baada ya kulitumia, Windows ikiwa imeharibika. AMD ilichunguza, ikathibitisha kwamba jambo hilo linaweza kutokea katika hali za nadra sana iwapo Windows inajisasisha wakati huohuo draiva inasakinishwa, na ikalizima chaguo hilo kwa muda. Hapa draiva ya grafiki ilivunja kweli mfumo wa watu. Je, si sababu tosha ya kukagua kila mara? Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Waliopatwa hawakuhitaji ukaguzi kuwaambia kwamba wamepatwa. Kompyuta ilikuwa haiwaki. Wasiopatwa hawakuwa na cha kukaguliwa. Kilichoweza kuwaokoa wote ni utaratibu wa kabla: kumaliza masasisho ya Windows, kuwasha kompyuta upya, ndipo kugusa draiva. Nguvu unayotaka kuitumia kwenye sfc baada ya kazi, itumie kabla.

Pingamizi la tatu ndilo utakalolisikia zaidi: haidhuru kitu, na fulani alifanya ikamsaidia. Kwamba haidhuru, kwa kiasi kikubwa nakubali. Kwenye diski ya SSD huchukua dakika chache, kwenye diski ya kuzunguka huchukua muda mrefu zaidi, na baada ya hapo kompyuta iko kama ilivyokuwa. Hasara yake iko kwenye fikra zako, kwa sababu inakupa hisia kwamba umechunguza kumbe hujachunguza. Kuhusu yule aliyesaidiwa, kuna mambo mawili yanayotokea baada ya draiva mpya ambayo hupona yenyewe. La kwanza ni hifadhi ya shader, yaani vipande vya programu ya picha ambavyo kadi hutayarisha mara moja na kuvitunza. Draiva ikibadilika, hifadhi ya zamani haifai tena na inajengwa upya, kwa hiyo gemu lililokuwa laini jana linagugumia leo, kisha baada ya kulicheza kidogo linatengemaa. Aliyefanya sfc katikati ya kipindi hicho ataipa sfc sifa. La pili ni kuwasha upya. Tangu Windows 8, kompyuta yenye Fast Startup haizimi kiini cha mfumo unapochagua Shut down. Hukihifadhi kwenye diski na kukirudisha asubuhi kama kilivyokuwa. Restart pekee ndiyo huanza upya kabisa. Mafundi wengi wakimaliza sfc humwambia mteja afanye Restart, na hiyo Restart ndiyo iliyotibu.

Basi fanya hivi. Kabla ya kusasisha, fungua Windows Update na uache imalize kila ilichonacho, halafu Restart. Tengeneza sehemu ya kurejea kwa System Restore. Ni dakika moja na imewaokoa wengi. Ikiwa unatumia laptopu, iache kwenye chaji na betri ikiwa imejaa, na ikiwa ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, chagua saa ambayo umeme wa eneo lako huwa wa kutegemewa. Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, au kwa laptopu kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu ikiwa ina mpangilio wake maalumu, na usiguse programu zinazojinadi kukutafutia draiva zote kwa mara moja. Kisakinishi kikimaliza, fanya Restart hata kama hakijaiomba. Kisha fungua dxdiag na usome kwenye ukurasa wa Display: jina la kadi, toleo la draiva na tarehe yake. Vikilingana na ulichopakua, na Device Manager haina alama ya njano, usakinishaji umefanikiwa. Tumia kompyuta kwa kazi yako ya kawaida kwa siku moja au mbili kabla ya kutoa hukumu. Ukikuta toleo limerudi kuwa la zamani, angalia Windows Update, maana wakati mwingine huweka draiva yake juu ya ile uliyoiweka wewe.

Kukiwa na tatizo, usianze na mfumo. Anza na kilichobadilika. Katika Device Manager, fungua sifa za kadi, nenda kwenye ukurasa wa Driver na ubonyeze Roll Back Driver. Tatizo likiondoka, umepata jibu, na unaweza kukaa na toleo hilo la zamani hadi jipya litoke. Kama kitufe hicho hakibonyezeki, sakinisha upya kwa kuchagua usakinishaji safi, ambao kisakinishi cha NVIDIA kinao. AMD nayo ina AMD Cleanup Utility yake ya kuondolea mabaki. Ile Display Driver Uninstaller inayopendwa na wacheza magemu huondoa hata mabaki sugu, lakini itumie kwenye Safe Mode, intaneti ikiwa imezimwa ili Windows isiwahi kuleta draiva nyingine, na uwe tayari na faili la draiva unayotaka kuiweka. Kwa wale wanaonunua bando kwa megabaiti hili la mwisho lina uzito wake: vifurushi vya draiva siku hizi ni vikubwa, kwa hiyo usifute faili la toleo lililokuwa likifanya kazi vizuri. Lihifadhi kwenye diski ya nje.

Ukaguzi wa mfumo unaingia pale dalili zinapovuka mipaka ya draiva. Umeme umekatika katikati ya usakinishaji, au kompyuta imeganda ukalazimika kuizima kwa kitufe: kagua, kwa sababu kuandika kulikokatizwa kunaweza kugusa chochote kilichokuwa kikiandikwa wakati huo, na Windows huandika mambo yake muda wote. Kitufe cha Start hakifunguki, Settings inajifunga, Windows Update inakataa, programu zisizohusu picha zinalalamika kwamba faili la .dll la Windows limepotea: kagua. Umerudisha draiva ya zamani, umefanya usakinishaji safi, na hitilafu iko palepale: kagua pia, maana sasa umeshaondoa mshukiwa wa kwanza. Hata ukurasa wa msaada wa Microsoft huielekeza sfc kwa mtu ambaye baadhi ya kazi za Windows zimeacha kufanya kazi au mfumo unaanguka. Hausemi ifanywe kila baada ya draiva.

Unapofika hapo, ufanye kwa mpangilio wake. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uanze na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kwa sababu sfc hurejesha kutoka ghala la WinSxS, na ghala lenyewe likiwa na dosari hakuna cha kurejesha. DISM huchukua nakala safi kutoka Windows Update, kwa hiyo inahitaji intaneti. Kama bando ni dogo, unaweza kutanguliza /ScanHealth mahali pa /RestoreHealth ili ujue kwanza kama ghala limeharibika; hiyo hutazama tu bila kurekebisha. Ofisi au maktaba yenye kompyuta nyingi inaweza kuwa na faili moja la ISO la toleo lilelile la Windows na kulitumia kama chanzo kwa kuongeza /Source, badala ya kila kompyuta kupakua peke yake. DISM ikimaliza, fanya sfc /scannow. Ukitaka kuona hali bila kubadilisha kitu, tumia sfc /verifyonly.

Jibu likija, lisome. Ikiwa hakuna kilichopatikana, rudi kwenye draiva na kadi, usirudie amri ukitarajia jibu tofauti. Ikiwa yamepatikana na kurekebishwa, fanya Restart, kisha usakinishe draiva upya juu ya mfumo uliotengenezwa. Ikiwa yamepatikana na hayakurekebishika, fungua C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, tafuta mistari yenye alama ya [SR], na usome jina la faili. Faili lisilohusiana na grafiki halielezi kwa nini gemu linakwama, hata kama linastahili kushughulikiwa kwa wakati wake. Na kama mafaili tofauti yanaharibika kila unapokagua, acha kabisa habari za draiva: nakili data zako mahali salama siku hiyohiyo, kisha pima diski, na RAM kwa Windows Memory Diagnostic, kwa sababu mafaili mazima hayaharibiki tena na tena pasipo kifaa kinachoyaharibu.